Hilux ya zamani inapolemewa na mlima

*Fundi, nina Hilux ya 1996, injini ya dizeli ya 3L isiyo na turbo. Hubeba ndizi kutoka Nyamira hadi Kisii mjini. Siku hizi haipandi mlima bila giya ya pili na inatoa moshi mweusi. Nimeambiwa ninunue injini nyingine. – Mkulima, Nyamira*

Ndugu mkulima, usinunue injini bado. Moshi mweusi maana yake dizeli inaingia nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Injini iliyochakaa ndani kwa kawaida hutoa moshi wa samawati, kwa kuwa inakula oili. Huko kwenu milimani hewa ni nyepesi, na bila turbo hakuna cha kufidia upungufu huo. Filta ya hewa ikizibwa na vumbi la murram, nguvu huisha kabisa.

Anza hapo: weka filta mpya ya hewa. Badilisha pia filta ya dizeli, na umwage maji yaliyojikusanya chini yake.

Moshi ukibaki, peleka nozo zote nne kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Nozo mbovu hudondosha dizeli badala ya kuinyunyiza. Tafadhali, asikaze mtu skrubu ya pampu ati aongeze nguvu. Utapata moshi na joto zaidi, na silinda hedi ya 3L hupasuka kwa joto.

Yote yakishindikana, dai kipimo cha kompresheni kabla ya kulipia injini. Lakini mshale wa joto ukipanda, au oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, zima gari papo hapo na umwite fundi. Usijaribu kulifikisha Kisii.