Fomu ya Bima ya Afya: Rekebisha Kosa Kabla ya Ugonjwa



Bwana mmoja alikuja ofisini kwetu nimsaidie kujiandikisha katika bima ya afya. Nilimjazia majibu mimi mwenyewe, lakini nikasahau kumwuliza kama ana mtoto mchanga. Baadaye mtoto huyo alilazwa kwa homa ya mapafu, na jina lake halikuonekana katika orodha. Baba akalipa kwa fedha alizoweka za kununua mbolea. Kosa lilikuwa langu. Somo hili ni la kukuepusha nalo.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA imeshika mahali pa NHIF. Mkulima asiye na mshahara huandikishwa pamoja na watu wa nyumba yake, kwa simu *147# au kwa msaada wa karani. Huulizwa juu ya hali ya nyumbani kwake, na majibu yake ndiyo yanayoonyesha malipo. Malipo hayapungui shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka.

Yafaa ufanye hivi:

1. Kabla ya kuanza, weka mezani kitambulisho chako, cha mwenzi wako, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Andika majina kama yalivyo katika vyeti, si kama mnavyoitana kijijini.

2. Ukimaliza, usiondoke upesi. Mwambie karani akusomee majina na namba zote, nawe ufuatishe kwa kidole katika vyeti vyako. Hesabu watu: je, ni wote walioko nyumbani?

3. Ukiona kosa, usijiandikishe mara ya pili. Nenda katika ofisi ya SHA ya kaunti au Huduma Centre ukiwa na vyeti na nakala zake. Andika tarehe na jina la aliyekuhudumia, kisha urudi kuhakikisha kwamba kosa limeondolewa.

4. Kama cheti chenyewe kina kosa, anza na ofisi iliyokitoa. Bima haiwezi kunyosha jina lililopindwa kwingine.

5. Kama malipo yamepita uwezo wako, eleza hali yako na uombe majibu yaangaliwe upya. Usifiche mali. Kusahau ni kosa na husahihishwa. Kuficha ni udanganyifu, nao hukuharibia haki yako.

6. Kila mtoto anapozaliwa, mwongeze. Haingii katika orodha kwa kuzaliwa tu.

Maswali ya kujijaribu: Ni nani nyumbani kwako hajaandikwa? Jina lako katika bima ni sawa na la kitambulisho?

Kama huna jibu, uliza wiki hii. Karani hachoki kuulizwa. Na akichoka, mwulize tena. Heri kusumbuana mezani mchana kuliko kuhangaika mlangoni mwa hospitali usiku.