Kuhama Tabata: Niliyojifunza Kabla Kenta Haijafika

Mtu akihama Dar es Salaam, mtaa mzima huona mali yake. Godoro limefungwa juu ya kenta kwa kamba, friji imesimama katikati kama bwana harusi, na nyuma kabisa yuko kijana aliyekumbatia feni ili isivunjike. Kisichoonekana ni kile kinachobaki. Ukipita jioni kwenye geti la nyumba iliyoachwa utakuta kilima: ndoo iliyopasuka mdomo, viatu visivyo na wenzake, kapeti lililokunjwa, kabati lisilo mlango, nguo za mtoto ambaye sasa yuko sekondari.

Kabla sisi wenyewe hatujahama kutoka Tabata kwenda Kibada, Kigamboni, nilikuwa nimeviona vilima hivyo vya kutosha, na naamini jambo moja: nusu ya vitu vile mwezi mmoja nyuma havikuwa taka. Vimefanywa taka na haraka. Dereva anapiga honi, kodi inaisha kesho, na kitu ambacho nyumba ya tatu wangekipokea kwa mikono miwili kinarushwa nje. Kwa hiyo karibu kila nililojifunza linahusu muda.

1. Kuhama kunaanzia jikoni na kwenye mita

Watu huanza na kabati la nguo. Mimi nasema anza na vinavyoliwa na vinavyowashwa, kwa sababu hivyo ndivyo visivyosubiri. Acha kununua mchele wa gunia na mafuta ya ndoo. Pika maharage yaliyokaa, saga ule mtama, maliza vile vikopo vya viungo ambavyo hujui vilifunguliwa lini. Nyumbani kwetu tulikula vyakula vya ajabu kidogo mwishoni, lakini jiko lilihamia kwenye kapu moja.

Umeme nao uangaliwe. Tokeni ya LUKU imefungwa kwenye namba ya mita. Ukiiingiza, uniti zinabaki kwenye mita hiyo na wewe unaondoka. Nimewahi kumsikia jirani akilalamika kwamba amemwachia mpangaji mpya umeme wa mwezi mzima. Siku za mwisho nunua kidogokidogo. Na maji ya tanki vilevile: kama umelipia boza, panga usafi mkubwa na ufuaji wa mapazia wakati maji hayo bado ni yako.

2. Mnunuzi asijue tarehe

Meza nzuri ina bei mpaka siku mnunuzi anapogundua kwamba kenta inakuja Jumamosi. Kuanzia hapo anakuwa na subira ya kobe, nawe huna. Wanunuzi wa vitu vya ndani wanajua kusoma nyumba: wakiona kuta hazina picha na maboksi yako mlangoni, bei inashuka wenyewe wakiwa bado wamesimama nje.

Piga picha mapema, weka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, taja bei ya mwisho unayoweza kukubali, na usieleze sababu. Kitu kikikosa mnunuzi kwa muda mrefu, hilo nalo ni jibu. Hakina bei. Sasa tafuta wa kumpa, ukiwa bado na siku za kumtafuta.

Mapema hiyo ina faida nyingine kwa anayevuka kwenda Kigamboni. Sisi tulipita Daraja la Nyerere, ambalo tangu lifunguliwe mwaka 2016 gari hulipa tozo. Mwenye gari huhesabu mafuta, foleni ya Barabara ya Mandela, tozo na makuli, kisha anakutajia bei ya safari moja. Kabati bovu likikulazimisha safari ya pili, umelipia nauli ya kitu ambacho huko mbele utakitupa.

3. Anayepewa si jalala

Hapa nina ukali kidogo. Tuna desturi nzuri ya kugawa, na ndani ya desturi hiyo kuna uvivu umejificha. Tunajaza shangazi kaja nguo zilizofubaa, zipu zilizokufa na sweta lenye matundu ya nondo, tunalipeleka stendi, tunalilipia kwenye basi, halafu tunampigia ndugu simu: "Nimekutumia mzigo." Ndugu anashukuru, maana atasema nini? Kisha ni yeye anayetafuta pa kuchoma yale matambara nyuma ya nyumba.

Wafanyabiashara wa mitumba wa pale Karume wanaujua uchungu huu vizuri kuliko sisi. Mtu analipia belo akiwa halioni ndani, analifungua, na chini anakuta kaptula zilizochanika ambazo mtu wa Ulaya alizitoa akijiona mkarimu. Mzigo wa kumalizana nazo umeshavuka bahari na kumfikia yeye. Tukilaumu belo bovu, tusilifunge wenyewe kwa ajili ya ndugu aliyeko Singida.

Kipimo changu ni chepesi: je, ningemkabidhi mgeni kitu hiki mkononi, mchana, bila kuanza kujieleza? Kama naanza kusema "ukikishona hapa kitafaa", basi nakishona mimi kwanza. Shati lisiloshoneka linakatwa vitambaa vya kudekia, na fundi cherehani hupokea vipande vya pamba vya kujazia mito. Pia uliza kabla ya kutuma. Dada yangu aliniambia wazi hataki nguo. Alitaka ile stuli ndefu ya jikoni. Nisingeuliza, stuli ingeuzwa kwa bei ya soda.

4. Kila mtu apange vya kwake

Usimpangie mwenzako vitu vyake. Mume wangu ana ndoo ya nyaya na chaja za simu ambazo kampuni zake zimeshasahau kuzitengeneza. Mkono uliniwasha kuimwaga. Nikamwachia, akakaa nayo jioni moja akijaribu kila chaja, akabaki na chache, na hakuna aliyenuniwa. Ningeimwaga mimi, mpaka leo kila waya ukikosekana ningekuwa mshitakiwa.

Kwa wazee mambo huwa mazito zaidi, maana wao wamelelewa na neno "akiba haiozi". Mama mkwe alikuja kutusaidia kufunga, akakuta sufuria kubwa ya shughuli iko kwenye kundi la vinavyoondoka.

"Mwanangu, hii nayo mnaiacha?"

"Mama, tuko watano. Tangu ile harusi haijashuka juu ya kabati."

"Na msiba ukitokea?"

Nilikosa jibu, kwa sababu hoja yake ilikuwa ya kweli. Msiba ukitokea, watu mia wanakula uani kwako, na huendi dukani kutafuta sufuria siku hiyo. Akiba yake haikuwa uchoyo. Tulichokubaliana ni kwamba sufuria iende kwa kikundi cha kina mama wa mtaa, ambao tayari wana turubai, viti na majiko makubwa, na humwazima au kumkodisha mwenye shughuli. Mama mkwe aliipeleka mwenyewe, akahakikisha imeandikwa kwenye daftari lao. Kuna vitu ambavyo kila nyumba inavihitaji mara moja kwa miaka kadhaa, na hakuna sababu ya kila nyumba kuwa navyo.

5. TV ya chogo haina pa kwenda kwa urahisi

Matangazo ya analojia yalizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Zile televisheni zenye chogo zikapewa ving'amuzi, zikaishi miaka kadhaa zaidi, kisha zikahamia stoo na kufunikwa kitambaa kama marehemu asiye na ndugu wa kumzika. Ya kwetu ilikuwa hivyo.

Kosa ni kuiweka nje ya geti. Vijana wa vyuma chakavu wataivunja kwa ajili ya shaba iliyo nyuma, na kioo kitabaki mtaroni. Kioo kile kina risasi ndani yake, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Nyaya nazo huchomwa ili plastiki iishe na shaba ibaki, na moshi wake unaingia kwenye vyumba vya watu. Peleka kwa fundi wa redio na TV ikiwa nzima, uliza kama anahitaji spea. Wa kwetu aliikubali bure na kwa furaha. Taa za mirija na zile za kusokotwa zina zebaki; zifunge peke yake, zisivunjwe kwenye kiroba.

6. Usinunue vya kufungia

Kanga na mashuka yafunge sahani. Sufuria ndogo ndani ya kubwa, na ndani ya ndogo kabisa weka vijiko. Maboksi ya sabuni na biskuti yapo duka la Mangi pale kona, ukimwomba siku mbili tatu kabla akuwekee. Ndoo na mabeseni ni masanduku tayari. Basi.

7. Dampo nalo limekuwa likihama

Hata ukifanya yote hayo, kinabaki kiroba, au viwili. Hapo kuna kishawishi cha usiku: mtaro uko karibu na hakuna anayeona. Dar es Salaam inajua mitaro hiyo inaishia wapi. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mvua ilikuwa kubwa kupita kawaida, na taka mtaroni humnyima mkazi wa bondeni hata ile nafasi ndogo ya maji kupita.

Sisi wa Tabata tulipaswa kuwa wa mwisho kujifanya hatujui taka huenda wapi. Dampo la jiji lilikuwa kwetu. Mwaka 1988 wakazi walichoka na moshi na harufu, wakaishitaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, na wakashinda. Dampo likahamia Kunduchi Mtongani, kisha Vingunguti. Baadaye likaenda Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila lilipotoka watu walishangilia, na kila lilipofika kulikuwa na watu wengine ambao tayari wamejenga.

Nikifunga kiroba siku hizi nakifikiria kikifika Pugu, na wale wanaoishi kwa kuchambua taka kule wakikifungua kwa mikono mitupu. Kioo kilichovunjika nakifunga kwa magazeti ndani ya kopo. Chupa za plastiki na makopo nayaweka kando, maana waokotaji wanapita mlangoni na kwao ile ni pesa. Gari la taka lina siku yake; ulizia siku hiyo kabla ya kupanga siku ya kenta, na mlipe mkusanyaji ushuru wake hata kama unaondoka. Ukimwomba abebe zaidi ya kawaida, mwongezee kitu.

8. Vingine ni vya nyumba

Fimbo za mapazia zilizopimwa kwa madirisha yale, kamba ya kuanikia uani, wavu wa mbu uliopigiliwa kwenye fremu, rafu iliyokatwa kuingia kwenye kona ya jikoni: ukivibandua, vingi havitafaa popote, na utaacha matundu ambayo mwenye nyumba atayakata kwenye pesa yako ya tahadhari.

Omba namba ya mpangaji anayeingia. Sisi mama mwenye nyumba alisita kidogo, akatupa. Yule dada alikuja na futi yake, akapima, akakagua wavu kwa kidole, akasema fimbo anazitaka, rafu anaitaka, lakini kamba ya kuanikia ameikuta inalegea. Tukapatana bei ya fimbo na rafu. Kamba akataka tuikaze kabla hatujaondoka, na mume wangu akapanda kwenye ngazi kuikaza.