Somo la Ufundi: Funga Mti Vizuri Kabla ya Kuukereza

Watu wakimtazama fundi wa kukereza huangalia mikono na patasi yake. Hatari ya kazi hii, hata hivyo, huanza kabla patasi haijagusa mti, pale kipande kinapofungwa kwenye mashine.

Nilipokuwa mwanagenzi, mwenzangu alifunga pande la mwembe kwa skurubu nne nyeusi, zile za kufungia dari. Alipowasha mashine, pande liling'oka, likampita begani na kutoboa bati la ukuta. Alisalimika kwa sababu alikuwa amesimama kando kidogo. Tulipoziokota zile skurubu, mbili zilikuwa zimekatika shingo.

Hebu tupige hesabu. Bakuli la upana wa sentimita 25 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake huenda takriban kilomita 47 kwa saa. Hiyo ni kasi ya matatu, na wewe uko hatua moja mbele yake.

Kazi ndefu kama miguu ya vitanda na mipini hushikwa ncha mbili, kati ya kichwa cha mashine na mkia wake. Chora mistari kutoka pembe hadi pembe upate katikati, kisha uikate kidogo kwa msumeno. Ncha yenye meno itoe mashineni, uigongee kwenye mti kwa nyundo ya mbao ukiwa mezani. Ukiigonga ikiwa mashineni unaziua beringi. Leta mkia, kaza, zungusha kwa muda mfupi, zima, halafu kaza tena, kwa kuwa ncha huendelea kuzama mtini.

Bakuli ndilo lenye maneno mengi. Mwanzoni lifunge kwenye sahani ya chuma yenye matundu, kwa skurubu nene za mbao zinazoingia mtini angalau sentimita 2. Angalia nyuzi: skurubu inayokatiza nyuzi hushika imara, lakini inayoingia sambamba nazo, kwenye kichwa cha gogo, hung'oka upesi. Usitumie kipande chenye ufa wala kilichooza, hata kikiwa na rangi ya kupendeza namna gani.

Baada ya kuchonga nje, acha ulimi wa mviringo kwenye kitako, ambao utabanwa na kishikio chenye taya nne. Hapa wengi hukosea. Wanaacha ulimi mrefu unaogusa sakafu ya kishikio, wakidhani ndio imara zaidi. Kumbe nguvu hutoka kwenye bega la mti linapokaa sawasawa juu ya taya, kwa hiyo ulimi usifike chini. Upana wake uwe kama theluthi moja ya upana wa bakuli. Mti mbichi hunywea unapokauka, basi ukiuacha usiku kucha, kaza tena asubuhi.

Mkia nao usiuondoe mapema. Mafundi wengine huuona unawazibia njia, lakini kadiri unavyoweza kufanya kazi ukiwa umeusogeza, kipande hakina pa kukimbilia.

Kabla ya kuwasha, zungusha kipande kwa mkono mzunguko mzima uone kama kinagonga egemeo la patasi. Anza kwa kasi ya chini kabisa, ukisimama kando ya mstari wa kipande. Vaa kinga ya uso mzima, kunja mikono ya shati, vua glavu. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, mwenye karakana ana wajibu wa kulinda usalama wa wote wanaofanya kazi humo, kwa hiyo kinga hiyo isiwe ya kuazimana.

Ukiwa kazini, sikiliza. Mlio ukibadilika ghafla au mti ukianza kutetemeka, ondoa patasi na uzime mashine. Usinyooshe mkono kukaza chochote hadi kipande kisimame kabisa.