Kutenganisha Sehemu za Spora ya Kimelea

Nosema bombycis ni kimelea cha kiwavi wa hariri. Nägeli alikipa jina mwaka 1857. Ukuta wa spora yake una matabaka mawili: la nje la protini, la ndani lenye kitini, ile ile iliyomo kwenye gamba la mende. Ndani umejikunja mrija mrefu, ambao spora huufyatua ili kuingiza yaliyomo katika seli ya mwenyeji.

Viwavi wagonjwa husagwa ndani ya maji, rojo huchujwa kwa kitambaa, kisha huzungushwa kwa kasi katika sentrifuji. Spora, kwa kuwa zina densiti kubwa kuliko maji, hutuama chini. Huoshwa, halafu hutikiswa pamoja na shanga ndogo za kioo mpaka kuta zipasuke.

Hapa ndipo watahiniwa hupoteza alama. Sabuni kali ya maabara huyeyusha protini nyingi, lakini mrija hubaki, kwa sababu protini zake zimeshikana kwa vifungo vya salfa. Merkaptoethanoli ndiyo hukata vifungo hivyo.

Swali: Kwa nini sabuni hutangulia?

Jibu: Vikitiwa vyote kwa pamoja, protini za mrija zitayeyuka na kuchanganyika na nyinginezo. (“Ili kusafisha” peke yake halitoshi.)