Santuri Mpya, Mkanda wa Zamani

Baba mdogo wangu alikuwa na santuri moja tu ya Aretha Franklin, Lady Soul, aliyoletewa na rafiki yake baharia. Novemba 1969 muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam, aliihamishia kwenye jalada la santuri ya taarabu na kuendelea kuipiga kwa sauti ya chini, madirisha yamefungwa. Hakuna aliyekuja kukagua nyumba, lakini mwenyewe anasema hofu ndiyo iliyoutia wimbo utamu. Jalada halisi likapotea, santuri ikabaki. Mimi niliikuta miaka ya themanini, imeshapitiwa na sindano butu, mchanga, na mtoto mmoja mtundu aliyewahi kuikanyaga. Mtoto huyo ndiye anayeandika hapa.

Santuri hiyo ndiyo iliyonifundisha kusikiliza. Ndiyo pia iliyonipotosha. Nilipoanza kushika mshahara niliagiza toleo jipya kutoka Ulaya, nikaliweka, nikasikia mambo manne ambayo sikuwahi kuyasikia, na moja nililolipenda sikuliona. Usiku ule ule nikamwandikia rafiki yangu kwamba wazungu wameiharibu albamu. Ilinichukua karibu mwaka kukubali kwamba sikio langu lilikuwa limezoea ugonjwa.

Tangu hapo nimenunua matoleo mapya mengi zaidi ya soul ya mwishoni mwa miaka ya sitini kuliko ninavyoweza kumwambia mke wangu. Mengine nimeyauza, mengine nimegawa, mawili nimeyageuza saa za ukutani. Wanaoanza huniuliza ninapimaje, basi nieleze.

Kabla ya kusikiliza chochote, uliza mkanda uko kwa nani. Albamu ya 1968 ilizaliwa kwenye mkanda wa sumaku, na kila toleo jipya ni kizazi fulani cha mkanda huo: cha kwanza, nakala ya nakala, au faili la kompyuta lililotengenezwa kwa ajili ya CD miaka thelathini iliyopita. Hapa historia ya biashara inasaidia kuliko masikio. Chukua Stax ya Memphis, iliyorekodi muziki wake ndani ya jengo la sinema ya zamani kwenye barabara ya East McLemore. Kazi zake zilisambazwa na Atlantic ya New York. Atlantic ilipouzwa kwa Warner Bros.-Seven Arts mwaka 1967, wakubwa wa Stax walirudi kuusoma mkataba wao na kukuta kwamba mikanda yote iliyosambazwa kwa njia hiyo ni mali ya Atlantic. Walikuwa wameshasaini. Mei 1968 wakaachana, na kazi za Otis Redding, aliyekufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967, zikabaki upande wa pili. Stax ikaanza na ghala tupu, na katikati ya mwaka 1969 ikamwaga sokoni albamu 27 kwa mkupuo. Mojawapo ilikuwa Hot Buttered Soul ya Isaac Hayes.

Ndiyo maana leo ukitaka Otis unawakuta watu wa Warner, mara nyingi kwa jina la Rhino, na ukimtaka Hayes wa 1969 unakutana na Concord, walioinunua kampuni ya Fantasy pamoja na mikanda ya Stax mwaka 2004. Ukiona jina jingine kabisa kwenye jalada, geuza nyuma utafute mstari mdogo unaotaja leseni. Usipouona, rudisha rafuni. Kwa rekodi zilizotoka kabla ya 1963, sheria za Ulaya ziliziacha huru baada ya miaka 50, kwa hiyo utazikuta zimechapwa na kila mtu. Za baada ya hapo ziliongezewa ulinzi hadi miaka 70. Albamu ya 1968 isiyo na leseni ina jambo inaloficha, na kwa kawaida linalofichwa ni CD.

Usidai pia kisichowezekana. Februari 1978 ghala la mikanda ya Atlantic huko Long Branch, New Jersey, liliteketea, na humo zikaungua rekodi nyingi za vikao, zile ambazo ndani yake kila ala ina njia yake. Palipobaki mkanda uliokwishachanganywa, hakuna fundi anayeweza kuinua besi peke yake kwa sababu wewe unaipenda. Mtu akilalamika kwamba “wangeichanganya upya vizuri zaidi,” huwa namwambia aulize kwanza kama kuna cha kuchanganya.

Kuhusu stika ya gramu 180, nitakuwa mfupi: ni uzito. Santuri nzito haipindi kirahisi, basi. Nina ya gramu 180 inayopiga kama redio iliyofunikwa blanketi.

Ninachoangalia ni ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Washa tochi ya simu, inamisha santuri, utaona herufi zilizokwaruzwa kwa mkono. Hizo ni sahihi za fundi aliyeichonga: BG ni Bernie Grundman, KPG ni Kevin Gray, na kwenye nakala za zamani RL ni Robert Ludwig. Fundi akiweka sahihi yake, ana jina la kulinda. Pakiwa na namba za kiwandani tu, haimaanishi santuri ni mbaya, ila umebaki wewe na masikio yako.

Lakini sahihi nazo zina mipaka. Mwaka 2022 ilifahamika kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayoheshimika sana kwa matoleo ya bei kubwa, ilikuwa imetumia hatua ya kidijitali katika santuri nyingi ambazo wanunuzi waliamini ni za mkanda mtupu tangu mwanzo hadi mwisho. Kesi zikafunguliwa. Kilichonifurahisha mimi (samahani kwa walioumia mfukoni) ni kwamba watu walewale walikuwa wamezisifu santuri hizo kwa miaka kadhaa, wakiandika kurasa nzima juu ya “joto la mkanda”. Hasira ya kudanganywa naielewa. Ila kama ulisikia joto jana, leo limepoa vipi?

Sasa tuje kwenye kusikiliza. Osha santuri kwanza, hata kama umeitoa kwenye nailoni sasa hivi. Kiwandani kuna vumbi la karatasi, na santuri mpya huvuta uchafu kama sweta la sufu. Mwaka juzi nilimwandikia muuzaji mmoja wa mtandaoni barua ya matusi ya heshima kuhusu mikwaruzo, akanijibu kwa sentensi moja: umeisafisha? Sikuwa nimeisafisha. Nilipoisafisha, nusu ya mikwaruzo ikaondoka. Ile nusu nyingine ilikuwa yake kweli, na fedha yangu sijaiona hadi leo.

Kisha usisikilize albamu nzima. Chagua sehemu mbili unazozijua kama njia ya kwenda kwenu. Kwenye Lady Soul, ya kwangu ya kwanza ni mwanzo wa “Chain of Fools”, gitaa la Joe South linalotetemeka peke yake kabla ya wengine kuingia. Kwenye toleo zuri unasikia mtetemo unakuja na kurudi, una kina, na kuna hewa kati ya gitaa na sauti ya Aretha inapotua. Kwenye toleo lililokandamizwa ili lipige kwa kelele, gitaa na sauti vina ukubwa mmoja, kama picha ya kitambulisho.

Ya pili ni “Ain’t No Way”, na hapa ndipo santuri nyingi hufeli mtihani. Ni wimbo wa mwisho wa upande wa pili, karibu na lebo. Santuri huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, iwe sindano iko ukingoni au katikati, lakini katikati duara ni fupi, kwa hiyo muziki uleule unabanwa kwenye njia fupi. Na ni hapo hapo Cissy Houston anapopanda nyuma ya Aretha na sauti nyembamba ya juu kabisa. Fundi akizembea, au sindano yako ikiwa imechoka, sauti ile inageuka mluzi wa birika. Ikipita laini, ukamsikia mwanamke badala ya birika, lipia santuri hiyo.

Hot Buttered Soul ina mtihani mwingine. Upande wake wa pili una nyimbo mbili tu, lakini “By the Time I Get to Phoenix” peke yake inazidi dakika 18, na upande mzima unakaribia dakika 24. Huo ni mzigo. Kadiri upande unavyorefuka, mifereji lazima ikaribiane, na ili isigongane fundi hupunguza sauti au besi. Baadhi ya wachapishaji hukwepa kwa kugawa albamu kwenye santuri mbili za mizunguko 45. Inasikika vizuri, ila unanyanyuka kila mara kama mhudumu wa harusi. Kwenye santuri moja, weka sindano mwanzo wa wimbo huo. Hayes anazungumza tu, anasimulia kisa polepole, chini yake ogani imeshikilia sauti moja, besi inadunda, tasa la dramu linagongwa taratibu. Hapo hakuna pa kujificha. Ogani ikiyumba juu chini kama mlevi, tundu la katikati halikutobolewa katikati: tazama mkono wa sindano, utauona unacheza kushoto kulia. Huo ni ubovu wa kiwanda, dai nyingine. Na kama kati ya maneno yake kuna muungurumo au mlio wa mafuta ya kukaangia, nao utausikia kwa dakika nyingi mno.

Mono au stereo? Kwa nyimbo za 1967 na kurudi nyuma, nikipata mono halali naichukua bila kubishana. Redio ilikuwa mono, kwa hiyo mafundi walihangaika nayo kwanza. Kwenye stereo nyingi za miaka ile utakuta dramu zimetupwa kushoto, tarumbeta kulia, mwimbaji kaachwa katikati kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Kufika 1968 kampuni za Marekani zilikuwa zinaachana na mono kwenye albamu, na kwa Hayes stereo ndiyo nyumbani. Zile fidla zinahitaji chumba.

Kosa kubwa kuliko yote nimelifanya mara nyingi: kulinganisha nakala mbili zenye sauti tofauti. Yenye kelele zaidi hushinda siku zote, sikio limeumbwa hivyo. Siku hizi mpwa wangu hunisaidia. Nageukia ukuta, yeye anabadilisha santuri na kusawazisha sauti kwa programu ya simu, mimi nasema “hii” au “ile”. Mara ya kwanza nilimchagua Otis wa bei poa, wa dukani kwa kila mtu, nikamwacha Otis niliyemlipia ushuru wa forodha. Mpwa alicheka hadi akakaa chini. Tulirudia mara tano. Nne kati ya hizo nilimchagua yuleyule.

Baba mdogo alikuja Idi iliyopita nikampigia Lady Soul mpya, ile iliyoshinda mitihani yote. Alisikiliza hadi mwisho, mikono kwenye kiko chake kisicho na tumbaku. Akasema sauti ni safi, ila “Groovin’” imekuwa ndefu. Nikapima: yake ya zamani huruka mahali pawili, palepale nilipokanyaga.

La mwisho ni la sisi wa pwani. Santuri ikishanunuliwa, chana nailoni yote ya nje, maana hubana jalada likajikunja. Tupa karatasi ya ndani, weka mfuko wa plastiki laini, kwa kuwa karatasi na unyevu wa masika huzaa ukungu unaoingia hadi kwenye mifereji. Zisimamishe wima, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Zangu ziko chumba cha kaskazini, juu ya meza, futi mbili kutoka sakafuni, kwa sababu bomba la jirani wa juu lilishawahi kupasuka.