MSIBA UNAPOKUWA HABARI YA WATU WOTE



Tarehe 12 Septemba 2019, saa tisa za usiku, gari la moshi liliacha reli huko Mayibaridi, katika njia ile ile ipitayo hapa kwetu Nyunzu. Siku hiyo hiyo habari ilienea mpaka ng'ambo. Waziri alitangaza kwamba watu 50 wamekufa; wengine wakataja hesabu nyingine. Walio mbali walisikia hesabu. Mfiwa alisikia jina moja tu.

Ndivyo msiba wa nyumba unavyokuwa habari ya wote. Mfiwa aenda sokoni, aulizwa. Aenda kisimani, aulizwa tena. Kila aulizwapo, kidonda chafunguka. Afanye nini?

Kwanza, asione haya kulia. Bwana Yesu alilia mbele ya watu kwa ajili ya rafiki yake Lazaro. Machozi si upungufu wa imani.

Pili, anaweza kujitenga kidogo. Yesu alipopashwa habari ya kuuawa kwa Yohane Mbatizaji, alipanda chombo, akaenda mahali pasipo watu. Makutano walipomfuata aliwahurumia, lakini kwanza alitafuta kimya. Basi mfiwa hana deni la kumsimulia kila mpita njia. Amchague ndugu mmoja awajibu wageni kwa niaba yake. Redio ikimwumiza, aizime.

Tatu, asikae peke yake siku zote. Amtaje marehemu kwa jina, asimulie na maisha yake, si kifo chake tu. Usingizi na chakula vikimkataa majuma mengi, aende kituo cha afya.

Nasi majirani je? Rafiki za Yobu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Walikosa walipofungua kinywa na kumtafutia hatia. Basi tusiulize, "Ilikuwaje?" Tuchote maji, tupasue kuni, tuketi matangani. Wala tusipeleke picha za wafu kwa simu: huenda mama akamwona mwanawe humo kabla hajaambiwa.

MASWALI
1. Yesu alifanya nini aliposikia habari ya Yohane?
2. Rafiki za Yobu walifanya vema katika nini, wakakosa katika nini?
3. Kwa nini tusipeleke picha za wafu?

TENDO LA JUMA
Mtembelee mfiwa mmoja. Mfanyie kazi moja ya nyumbani. Usimwulize neno, akisema, msikilize.