Kwa nini damu ya kutengenezwa haijafika Garissa?

Swali: Daktari, joto letu ni kali na damu ya wagonjwa inataka friji. Mbona hamtengenezi isiyoharibika?

Jibu: Juhudi ni za miaka mingi. Kikwazo ni himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Nje ya chembe nyekundu ya damu humeguka na kuumiza figo. Tena hufyonza naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa, basi mishipa hubana na presha kupanda. Mwaka 2001 Afrika Kusini iliidhinisha damu mbadala iitwayo Hemopure, iliyotokana na damu ya ng'ombe na isiyohitaji friji. Hata hiyo haidumu mwilini, wala haisaidii damu kuganda kwenye jeraha. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua kule Ijara, Garissa, bado anamtegemea mchangiaji, na chembe nyekundu hukaa kwenye friji siku 42 tu, zikitunzwa vyema.